Kilichomo Ndani ya Difu

Mji wa Rochester, katika jimbo la New York, ulizaa vitu viwili ambavyo vingekuja kutegemeana miaka sitini baadaye, na waanzilishi wake hawakuwa na habari. Mwaka 1865 William Gleason, mhamiaji kutoka Ireland, alifungua karakana ya mashine. Mwaka uliofuata, 1866, seremala mmoja mbunifu aitwaye Matthew Ewing pamoja na mfadhili wake Hiram Everest wakaanzisha Vacuum Oil Company. Karakana ya Gleason ilikuja kutengeneza mashine zinazochonga meno ya gia. Kampuni ya Everest ikauza mafuta ya kulainisha, na baada ya kuunganishwa na kubadilishwa majina mara kadhaa ndiyo ikawa Mobil. Ukifungua difu ya gari leo, unaweza kukuta kazi ya kampuni hizo mbili za Rochester imekaa pamoja: chuma cha moja kimezama ndani ya mafuta ya nyingine.

Ewing alikuwa akitafuta mafuta ya taa. Wazo lake lilikuwa kuchemsha mafuta ghafi ndani ya ombwe, kwa sababu hewa ikipungua mafuta hugeuka mvuke kwa joto dogo na hayaungui. Mafuta ya taa aliyopata hayakuwa ya kujivunia. Kilichomvutia Everest ni masalia mazito yaliyobaki chini, mazuri kwa kulainisha hatamu na mikanda ya ngozi ya farasi. Wakaanza na hayo, kisha wakaingia kwenye silinda za injini za mvuke. Oili yao moja ya mvuke, 600-W, ilivuka zama: Ford Model A, ya miaka ya mfano 1928 hadi 1931, ilitiwa oili nzito ya aina hiyo kwenye giaboksi na kwenye difu, na wanaotunza magari hayo ya kale hadi leo bado huitafuta.

Kabla ya hapo dunia ilitumia shahamu. Magari ya vita ya Misri ya kale, yale yaliyokutwa makaburini yakiwa na umri wa zaidi ya miaka 3,300, yana mabaki ya mafuta ya mnyama kwenye ekseli. Mikokoteni, vinu vya maji na vinu vya upepo vyote vililainishwa kwa mafuta ya wanyama na ya mbegu. Haikuwa shida, maana gia za mbao na za chuma cha kusubu zilizunguka polepole na kubeba mzigo mdogo kwa kila jino. Hata gari za kwanza za petroli hazikudai makubwa. Gia zao za difu zilikuwa na meno yaliyonyooka, yanayoviringishana zaidi kuliko kusuguana, na oili yoyote nzito ilitosha kuweka utando kati ya chuma na chuma.

Gleason ndiye aliyebadili hali hiyo. Mashine yake ya kwanza ya kuchonga gia za pembe aliibuni mwaka 1874. Binti yake, Kate Gleason, aliingia kazini akiwa bado mdogo, na mwaka 1893 alizunguka Ulaya akiuza mashine za baba yake wakati ambapo mwanamke wa kuuza mashine hakuwa amewahi kuonekana. Mwaka 1914 akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama kamili wa chama cha wahandisi mitambo wa Marekani. Mwaka mmoja kabla ya hapo kiwanda cha familia kilikuwa kimeanza kutoa gia za difu zenye meno yaliyopindwa, na kampuni ya Packard ndiyo iliyozichukua kwanza. Zilinguruma kidogo kuliko za zamani, na abiria wa magari ya kifahari walipenda kimya.

Kisha akaja Ernest Wildhaber, mhandisi kutoka Uswisi aliyefanya kazi kwa Gleason. Katikati ya miaka ya 1920 alibuni gia iliyoitwa hipoidi. Katika difu ya zamani, pinioni, gia ndogo inayotoka kwenye propela, huigusa krauni, ile gia kubwa, katikati kabisa. Wildhaber aliishusha pinioni chini ya kitovu cha krauni. Faida yake ilionekana haraka: propela ikashuka, sakafu ya gari ikashuka nayo, na gari likakaa chini barabarani. Pinioni yenyewe ikawa kubwa na yenye nguvu zaidi. Packard ikaweka hipoidi kwenye magari yake ya mwaka wa mfano 1927, na kufikia mwisho wa miaka ya 1930 sehemu kubwa ya magari ya Marekani ilikuwa imefuata.

Gharama ya ubunifu huo ililipwa na oili. Kwa kuwa pinioni haipo tena katikati, meno yake hayaviringiki tu juu ya meno ya krauni, bali huburuzika kwa urefu wake wote kama kisu kinavyopita juu ya jiwe la kunolea, huku mzigo wa gari zima ukiwa juu yake. Utando wa oili hukatika. Vilele vidogo vya chuma, visivyoonekana kwa macho, hugusana, hupata moto wa ghafla na kuungana kwa nukta ya sekunde, kisha hung'oana. Fundi akifungua difu iliyopata mkasa huo hukuta uso wa meno umechanwachanwa kama uliopitishwa tupa. Oili safi ya madini, hata ikiwa nzito namna gani, haiwezi kuzuia hilo.

Dawa ilipatikana kwenye kemia, na haikuwa kemia ya kupendeza. Salfa ikichanganywa ndani ya mafuta hukaa kimya hadi pale chuma kinapopata moto. Hapo inaungana na chuma na kufanya utando mwembamba wa salfidi ya chuma, laini kuliko chuma chenyewe, unaokatika kwa urahisi na kufanyika upya. Yaani oili inakubali kula chuma kidogo kidogo ili chuma kisilane chenyewe kwa chenyewe. Klorini hufanya kazi ya namna hiyo hiyo kwa joto dogo zaidi. Sabuni ya risasi iliongezwa pia. Mchanganyiko wa risasi, salfa na klorini ndio uliookoa hipoidi za kwanza, na harufu ya yai viza inayomkuta kila fundi akifungua plagi ya difu ni urithi wa miaka hiyo. Klorini ilikuwa na kasoro yake: maji yakiingia, hugeuka asidi na kutia kutu. Risasi nayo ni sumu inayojulikana. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zote mbili zilianza kuondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na fosforasi. Mwaka 1962 jeshi la Marekani lilitoa kipimo chake cha MIL-L-2105B, na kiwango hicho ndicho kilichokuja kuandikwa kwenye makopo kama GL-5 ya API, taasisi ya petroli ya Marekani. Salfa na fosforasi. Zaidi ya miaka sitini imepita na ndoa hiyo haijavunjika.

Jambo hili nalisisitiza mapema kwa sababu ndilo linalosahaulika dukani. Kinachozuia meno ya difu yasichanike ni viungio hivi, ambavyo katika oili ya GL-5 kwa kawaida havizidi sehemu moja ya kumi ya dumu. Ukitia viungio vizuri katika oili ya kawaida ya madini, meno yatalindwa. Ukimimina oili ya sintetiki, yaani ya kuundwa kiwandani, ya bei mbaya isiyo na viungio hivyo, difu ya hipoidi itakufa. Kilichobaki kuulizwa, basi, ni kwamba ile sehemu kubwa ya dumu, mafuta yenyewe ya msingi, yana kazi gani na kwa nini bei yake ilipanda hivyo.

Jibu linaanzia kwenye mbegu tunayoijua. Mbarika, au mnyonyo, asili yake ni upande huu wa Afrika, Ethiopia na jirani zake, na huota hata kandokando ya barabara bila kupandwa. Mafuta yake mazito hung'ang'ania chuma kuliko mafuta ya petroli, kwa sababu molekuli zake zina ncha zenye chaji inayoshikana na chuma. Injini za ndege za Vita vya Kwanza zilitumia mafuta ya nyonyo. Charles Wakefield, mfanyabiashara wa London aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1899, aliyachanganya na mafuta ya madini na mwaka 1909 akaita mchanganyiko huo Castrol, jina lililotokana na jina la Kiingereza la mbarika. Madereva wa mashindano waliyapenda hata kwenye giaboksi. Lakini mafuta ya nyonyo huganda, hugeuka gundi na kuchakaa upesi.

Mafuta mengine yaliyong'ang'ania chuma vizuri yalitoka baharini. Nyangumi wa spermaseti, mwenye kichwa kikubwa kilichojaa mafuta, aliwindwa katika karne ya 19 na meli za New England zilizofika hadi maji ya Zanzibar na Komoro. Mafuta hayo hayakuisha matumizi yake taa za petroli zilipoingia. Yalitiwa salfa na kuwekwa kwenye oili za gia na za giaboksi za otomatiki, ambako yalifanya klachi za ndani zishikane taratibu bila kutetema. Mwaka 1970 Marekani ilimweka nyangumi huyo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini na kuzuia mafuta yake kuingizwa nchini. Viwanda vilipata msukosuko. Wakemia walikimbilia jojoba, kichaka cha jangwa la Sonora, na esta za kutengenezwa maabara. Inastaajabisha kidogo kwamba mtu wa 1969 aliyebadili gia kwenye gari la kisasa lenye redio na kiyoyozi huenda alikuwa akisukuma mafuta ya nyangumi.

Wakati huo maabara zilikuwa tayari na jibu, ila lilitokea kwenye vita. Tangu 1877 Charles Friedel wa Ufaransa na James Crafts wa Marekani walikuwa wameonyesha kwamba molekuli za mafuta zinaweza kuunganishwa kwa msaada wa kloridi ya alumini. Karibu 1929 Standard Oil ya Indiana ilijaribu kuuza oili iliyotengenezwa kwa kuunganisha molekuli ndogo. Haikupata wanunuzi. Mafuta ya ardhini yalikuwa mengi na ya bei rahisi, na nani alipe zaidi? Ujerumani haikuwa na anasa hiyo. Haikuwa na visima vya kutosha, na majeshi yake yalipoingia Urusi yalikuta oili zikiganda ndani ya injini na giaboksi wakati wa baridi. Hermann Zorn wa kampuni ya kemia ya IG Farben alijaribu maelfu ya esta, akitafuta oili inayobaki nyepesi penye baridi na isiyopungua sana penye moto. Upande wa pili wa bahari William Zisman wa maabara ya jeshi la majini la Marekani alianza utafiti kama huo.

Matokeo yake yaliingia kwanza angani. Injini ya jeti huchoma oili ya madini hadi inakuwa masizi, na miaka ya 1950 jeshi la Marekani lilichagua esta. Nyingi kati ya esta za mwanzo zilitengenezwa kwa asidi ya sebasiki, na asidi hiyo hutolewa kwenye mafuta ya nyonyo. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza mbegu za nyonyo nje miaka hiyo. Kwa hiyo oili ya kisasa kuliko zote wakati huo, ile ya ndege za jeti, ilitoka kwenye mmea uleule wa Wakefield, ukiwa umevunjwa na kuunganishwa upya. Mtu akikuambia kwamba sintetiki ni kitu kisicho na uhusiano wowote na shamba, mweleze hilo.

Esta ilikuwa ghali mno kwa lori la mizigo. Njia ya bei nafuu zaidi ilipita Mülheim, mji wa makaa ya mawe kando ya mto Ruhr. Katika taasisi ya utafiti ya hapo, Franz Fischer na Hans Tropsch walikuwa wamegundua miaka ya 1920 jinsi ya kugeuza gesi ya makaa kuwa mafuta. Mwaka 1943 taasisi ilimwita Karl Ziegler kuwa mkurugenzi, naye akakubali kwa sharti kwamba asifungwe kwenye utafiti wa makaa peke yake. Sharti hilo lililipa. Ziegler aligundua kwamba misombo ya alumini inaweza kurefusha ethilini, gesi nyepesi, hatua kwa hatua, kuwa minyororo ya urefu unaotakiwa. Dunia inamkumbuka kwa plastiki, na Nobel ya 1963 aliyogawana na Giulio Natta ilitokana na hiyo. Lakini minyororo yenye kaboni kumi iliyotoka kwenye kemia hiyo, iitwayo desini, ndiyo iliyofungua mlango wa oili. Unganisha desini tatu, uzishibishe hidrojeni, na unapata mafuta meupe kama maji yasiyo na nta kabisa. Mwaka 1968 John Brennan wa Mobil alipata hataza ya kuziunganisha kwa kutumia trifluoridi ya boroni, na mafuta hayo, yaitwayo PAO, yakaanza kuwa biashara.

Kutokuwa na nta ndiyo siri. Oili ya madini, hata ikisafishwa, hubaki na nta kidogo inayoganda, na molekuli zake ni mchanganyiko wa maumbo mengi, mazuri na mabaya pamoja. PAO ni molekuli za umbo moja karibu zote. Hubaki majimaji chini ya nyuzi 50 za baridi, na zikipata joto hazipungui mnato haraka. Pia huchelewa kuoza, maana hakuna ndani yake sehemu dhaifu zinazoanza kuungana na oksijeni.

Injini ndiyo iliyopokea zawadi hiyo mbele ya watu. Motul ya Ufaransa ilitoa 300V ya esta mwaka 1971. Albert Amatuzio, rubani wa ndege za kivita kutoka Minnesota, aliuliza kwa nini gari lisitumie anachotumia jeti, na mwaka 1972 oili yake ya Amsoil ikapitishwa na API. Mobil ilileta sintetiki yake Ulaya mwaka 1973, mwaka ule ule wa mgogoro wa mafuta wa Waarabu, na katikati ya miaka hiyo ya 1970 ikaiuza Marekani kwa jina la Mobil 1. Mwaka 1992 kila Corvette mpya ilitoka kiwandani na Mobil 1 ndani ya injini.

Lakini naona kwamba mahali PAO ilipothibitisha bei yake kwa hesabu isiyopingika ni chini, kwenye ekseli na giaboksi za malori. Injini huchafua oili kwa masizi na petroli isiyoungua, hata ikiwa nzuri namna gani itabidi imwagwe. Difu haina masizi. Kinachoiua oili ya difu ni joto, oksijeni, maji na vumbi la chuma. Ukizuia maji na ukatumia msingi usiooza, oili inaweza kuishi muda mrefu ajabu. Kampuni ya Eaton, inayotengeneza giaboksi za malori makubwa ya Marekani, iliruhusu sintetiki iliyokubaliwa ikae maili 500,000 za safari ndefu, karibu kilomita 800,000, kabla ya kubadilishwa. Oili ya madini humwagwa mara nyingi ndani ya umbali huo, na kila mara lori limesimama, fundi analipwa, na oili ya zamani inatafutiwa pa kuitupa. Mwenye malori mia anaona faida kabla ya kuongea habari za mafuta yanayookolewa.

Haya yote yakaleta shida mpya ndani ya dumu. PAO haipendi kuyeyusha viungio, na huifanya mipira ya sili isinyae. Kwa hiyo watengenezaji huongeza esta, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 20, kuufanya mpira uvimbe kidogo na viungio vikae. Kisha kuna namba. Oili ya 75W-90 inatakiwa isizidi mnato wa sentipoisi 150,000 kwenye nyuzi 40 za baridi, na ikiwa moto wa nyuzi 100 ikae kati ya sentistoki 13.5 na 18.5. Namba hizi zinapotosha watu wengi, kwa sababu 90 ya gia ni nzito kama 40 au 50 ya injini tu. Zilitenganishwa makusudi ili mtu asiichanganye ya gia na ya injini. Kuzifikia namba zote mbili kwa wakati mmoja, ya baridi na ya moto, ni rahisi kwa PAO nzito na nyepesi zikichanganywa. Ni rahisi pia kwa njia ya mkato: chukua oili nyepesi, itie polima ya kuiongeza uzito. Siku ya kwanza itapita. Baadaye meno ya gia huikatakata polima hiyo, na 90 inashuka taratibu bila mtu kujua. Ndiyo sababu kipimo cha sasa cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, kinadai oili isagwe kwanza saa 20 kwenye beringi ya mashine maalumu, na ndipo ipimwe.

Salfa nayo ina adui wake. Giaboksi za mkono zina pete za shaba za sinkronaiza, zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana. Salfa iliyo hai huitafuna shaba. GL-4 hubeba karibu nusu ya viungio vya GL-5, kwa sababu giaboksi ya kawaida haina hipoidi na haihitaji vyote. Wapo wanaotia GL-5 kila mahali kwa imani kwamba tano ni kubwa kuliko nne. Matoleo ya kisasa ya salfa na fosforasi hayali shaba sana, na zipo zilizopimwa kwa kazi zote mbili, lakini giaboksi iliyoagizwa GL-4 na mtengenezaji wake haipati faida yoyote kwa kupewa namba kubwa zaidi.

Mwaka 1997 ukaja mgogoro juu ya neno lenyewe "sintetiki". Kiwanda cha Chevron cha Richmond, California, tangu 1993 kilikuwa kikitumia hidrojeni na vichocheo kuigeuza nta ya mafuta ghafi iwe molekuli nzuri, badala ya kuiondoa. Mafuta bora ya namna hiyo, ambayo API huyaita Kundi la Tatu, yalikaribia PAO kwa tabia na yaligharimu takriban nusu. Castrol ikaondoa PAO kwenye oili yake ya Syntec ikaweka Kundi la Tatu, bila kugusa jina wala bei ya rafu. Mobil ikalalamika kwa chombo cha Marekani kinachoamua migogoro ya matangazo. Mwaka 1999 chombo hicho kilisema Castrol ina haki: molekuli zimegeuzwa kwa kiasi cha kutosha, kwa hiyo oili inaweza kuitwa ya sintetiki.

Sioni uamuzi huo kama ulaghai, ingawa wengi wanausema hivyo hadi leo. Kundi la Tatu ni mafuta mazuri. Lakini tangu siku ile neno kwenye kopo halikuambii tena kilichomo ndani. Dumu mbili za 75W-90 GL-5 za "sintetiki" zinaweza kuwa moja PAO na esta, nyingine Kundi la Tatu pamoja na polima, na bei zao zikalingana. Hata mpaka wenyewe umefutika zaidi: mwaka 2011 kiwanda cha Shell cha Pearl, huko Ras Laffan nchini Qatar, kilianza kugeuza gesi asilia kuwa mafuta ya msingi kwa mchakato wa Fischer na Tropsch, na mafuta hayo yaliyoundwa kutoka kwenye gesi, molekuli kwa molekuli, API iliyaweka kwenye Kundi la Tatu.

Kwa hiyo nini cha kulipia? Kwetu, baridi ya nyuzi 40 ni hadithi. Dereva wa Tanga au Mombasa anayelipia uwezo wa PAO wa kumiminika kwenye barafu anatupa fedha. Lakini lori lenye shehena linalopanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa huifanya difu yake iwe moto kwa muda mrefu, na hapo oili isiyooza haraka ina thamani ya kweli. Pia ina thamani kwa mwenye Land Cruiser inayovuka mito, ingawa si kwa namna anayofikiri: maji yanaharibu sintetiki sawa na yanavyoharibu ya kawaida, na oili iliyogeuka rangi ya maziwa lazima imwagwe hata kama iliwekwa wiki jana. Fundi mwenye busara hashangai harufu. Anaangalia sumaku kwenye plagi. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyochoma kidole siyo. "Kaka, hii si ya kubadilisha oili tu," atakuambia, na ni mara chache sana hukosea.

Kuna pia onyesho linalopendwa na wauza oili: gurudumu dogo la chuma linazungushwa na mota, beringi inakandamizwa juu yake kwa mkono wa chuma, na oili za kila aina zinashindanishwa mbele ya watu. Mashine hiyo ni ndugu wa zile za kupima mgandamizo kama ya gololi nne, iliyobuniwa na Boerlage wa Shell mwaka 1933. Kwenye onyesho la namna hiyo klorini hushinda karibu kila mara, klorini ileile iliyoondolewa kwenye difu kwa sababu ya kutu. Vipimo vilivyoipa GL-5 jina lake hufanywa kwa ekseli nzima za gari zinazozungushwa kwa mzigo mkubwa, kwa mshtuko na kwa unyevu, kisha zinafunguliwa na kukaguliwa jino kwa jino. Vinachukua siku nyingi na fedha nyingi. Havionyeshwi sokoni.

Sasa mabasi ya umeme yameanza kubeba abiria Nairobi na Kigali. Hayana injini ya kuwekewa oili, ila gia za kupunguza mwendo bado zipo, na mota ya kisasa huzunguka kasi kuliko injini yoyote ya dizeli. Katika baadhi ya magari ya umeme, oili ya gia hupita pia juu ya nyaya za mota kuzipoza, na nyaya hizo ni za shaba. Wakemia wamelazimika kupunguza salfa tena, kuifanya oili iwe nyepesi zaidi na kuhakikisha haipitishi umeme. Gleason, ambayo bado ina makao yake Rochester, inatengeneza mashine za kuchonga meno ya gia hizo.